Nyangwe, 1871: Shahidi Aliyekuwa Amegeuza Mgongo

Kitu cha mwisho alichokiona David Livingstone kabla ya bunduki kulia kilikuwa kuku. Ilikuwa Julai 15, 1871, siku ya gulio pale Nyangwe, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, kaskazini ya mji wa Kasongo katika jimbo la Maniema, Kongo ya leo. Joto lilikuwa kali. Mskoti huyo wa miaka 58 aliingia sokoni, akawaona wanaume watatu waliofika karibuni na mfanyabiashara Dugumbe wakiwa wameshika bunduki, akataka kuwakemea, akaghairi kwa kudhani ni ugeni tu. Mmoja wa watu wake ndiye aliyewakemea. Basi akaanza kutoka zake. Njiani akamwona mmoja wa wale wenye bunduki akivutana na muuzaji juu ya bei ya kuku, kisha akimpokonya. Hajamaliza yadi 30, ikalia milio miwili katikati ya umati.

Yaliyofuata aliyaandika, na mwaka 1872 Henry Morton Stanley akayafikisha Uingereza, yakasomwa na mawaziri, maaskofu na wanunuzi wa magazeti. Juni 5, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Si Nyangwe peke yake iliyomfikisha hapo. Manowari za Waingereza na ujumbe wa Sir Bartle Frere vilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, katika habari zilizotoka bara miaka ile, chache ziliwachoma Waingereza kama ile ya wanawake wa sokoni waliofia mtoni.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina uchungu wa aina yake, kwa sababu waliofyatua bunduki walikuwa wasemaji wa lugha hii hii. Ndiyo maana mjadala wake huwa wa pande mbili tu. Upande mmoja unasema Livingstone alikuwa mtu wa Mungu, aliyoyaandika ni kweli tupu. Upande wa pili unasema mzungu aliyatunga ili kuwafungulia mlango wakoloni. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zinakwepa kazi ya kusoma.

Aliyepita madrasa anaijua kazi hiyo. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno kuwa mazuri. Waliuliza nani kamsikia nani, alikuwa wapi, kumbukumbu yake ikoje, ana maslahi gani. Mpokezi mmoja dhaifu katikati ya mnyororo aliweza kuiangusha riwaya nzima. Kitabu cha mzungu msafiri kinastahili kipimo hicho hicho, tena kwa sentensi moja moja, maana ndani ya ukurasa mmoja mtu yule yule anakuwa mara shahidi wa macho, mara msikilizaji wa habari za barazani, mara mwandishi anayejipamba.

Aliloliona na aliloambiwa

Tuanze na ile milio miwili. Livingstone aliisikia, hakuiona. Alikuwa amegeuza mgongo, anatembea. Nani alifyatua kwanza, na kwa nini, hayo hawezi kutuambia kwa macho yake. Tena ukimsoma vizuri, hasemi kwamba kuku ndiye aliyeleta balaa. Anaviweka vitu viwili bega kwa bega, kuku na mlio, na msomaji anaviunganisha mwenyewe. Vitabu vingi vya baadaye vimeviunganisha bila hata kusita.

Baada ya hapo aligeuka, na kuanzia hapo ni shahidi kweli. Aliona watu wakikimbia, wengine wakitupa bidhaa zao, na bunduki zikielekezwa kwenye umati upande wa juu wa soko. Kundi la pili lilikuwa limekaa chini kwenye kijito palipofungwa mitumbwi, nalo likawafyatulia wanawake waliokimbilia majini. Mitumbwi 50 au zaidi ilibanana kijitoni, wanaume wakasahau makasia. Waliojitosa wakaanza kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali kama maili moja, na Livingstone akaona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, ukipungua.

Hapa kuna jambo dogo ambalo kwangu lina thamani kubwa. Anasema waogeleaji walilazimika kuukabili mkondo kwa bega la kushoto, mkondo uliokuwa ukienda kama maili mbili kwa saa, na kwamba lau wangekata mto kwa mshazari kwenda ng'ambo, maji yangewasaidia. Chukua ramani. Lualaba inatiririka kuelekea kaskazini. Mtu anayetoka ukingo wa mashariki akielekea magharibi, maji yanamjia kutoka kusini, yaani kushotoni kwake. Bega ni lile lile. Anayetunga kisa mezani hana haja ya bega.

Yapo mengine ya namna hiyo. Kuna mwanamume aliyekuwa peke yake ndani ya mtumbwi mrefu ambao ungeweza kubeba watu 40 au 50. Alichanganyikiwa, akawa anapiga kasia kupanda mto, haendi popote, hawatazami wanaozama. Kuna mfuasi wa Kinyamwezi aliyeingia kwenye mtumbwi ulioachwa ili apore, akatumbukia majini, akaibuka mara moja, akazama moja kwa moja. Kuna mwanamke aliyekataa kuokolewa kwa kudhani anatiwa utumwani. Matukio haya hayamjengi shujaa wala hayamsaidii mwanasiasa wa London. Yamo kwa sababu aliyaona, au kwa sababu aliyeyaona alimsimulia siku ile ile.

Sasa idadi. Vitabu vingi vya historia vinataja waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuwahesabu, wala hakudai kuwahesabu. Anaandika wazi kwamba hayo ni makadirio ya Waarabu wenyewe, yaani watu wa kambi iliyoua. Nao waliwahesabuje watu waliozama kwenye mto mkubwa? Walikuwa na sababu gani ya kuongeza au kupunguza? Hatujui, lakini sentensi ile inapotoka kwenye shajara na kuingia vitabuni, jina la mhesabuji hudondoka njiani na namba ikabaki peke yake, imesimama kama imepimwa kwa rula. Idadi ya waliofika sokoni, kama 1,500, ni kadirio lake yeye. Watu 21 waliookolewa na mtumbwi uliotumwa na Dugumbe, hao huenda walihesabika kweli, maana waliletwa mbele ya watu.

Na tusidhani jicho la Livingstone lilikuwa mizani. Alipouona mto huo Machi 1871 aliandika kwamba upana wake haupungui yadi 3,000, karibu kilomita 2.7. Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini alifika Agosti 1874, akauona karibu na Nyangwe, akaandika maili moja kamili, kilomita 1.6, na mkondo wa noti tatu hadi nne, yaani karibu mara mbili ya mwendo aliouandika Livingstone. Miezi tofauti, maji tofauti, mahali huenda palitofautiana kidogo, hayo tuyakubali. Lakini mto haukimbii wala haujifichi. Kama mto unapimwa hivyo, umati unaokimbia risasi utapimwaje?

Sababu ya mauaji nayo ni habari ya kuambiwa. Tangu alfajiri vijiji vya ng'ambo vilikuwa vikiungua, na Livingstone alihesabu 12 vinavyowaka moto. Hiyo ni hesabu ya macho, ingawa ya mbali. Aliyekuwa akivichoma, aliambiwa, ni Tagamoio, mtu wa msafara wa Dugumbe. Kosa la wenyeji lilikuwa kwamba machifu wao, Kimburu akiwamo, walichanjia udugu na Manilla, mtumwa wa mfanyabiashara mwingine, Said bin Habib, badala ya kumjia Dugumbe. Yaani wageni walikuwa wakigombea nani awe bwana wa biashara, na ugomvi wao ukalipwa na wauza samaki na vyungu. Maelezo hayo yana mantiki. Hata hivyo yametoka kwa watu waliokuwa wakishindana wao kwa wao, na kila mmoja alikuwa na wa kumsukumia lawama.

Wino wa zingifuri

Hadi hapa tumesoma kama vile maandishi ni moja. Ukweli ni kwamba yako matatu, na hapo ndipo kesi inaponoga.

Kufikia mwaka 1871 Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi na wino. Aliandika kwenye gazeti kuukuu, The Standard la Novemba 24, 1869, akikatisha mistari yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mbegu za mzingifuri, zile zile ambazo watu wa Maniema walizitumia kutia rangi nguo zao na kujipamba nyuso. Wino ule ulififia. Baadaye, akiwa na karatasi na wino wa kawaida, aliyanakili yale yote kwenye daftari kubwa la safari. Alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, karatasi zake zilibebwa pamoja na maiti yake hadi pwani na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi. Rafiki yake Horace Waller akalihariri daftari, akiwauliza Chuma na Susi mambo aliyotaka kuyafahamu, na kitabu kikatoka mwishoni mwa 1874. Kwa zaidi ya miaka 130 dunia ilisoma kitabu cha Waller. Karatasi za gazeti hazikusomeka.

Mwaka 2011 timu ya watafiti iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilitoa picha za karatasi hizo, zinazohifadhiwa katika kituo cha kumbukumbu ya Livingstone huko Blantyre, Scotland. Walitumia mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule usioonekana kwa macho, wino wa zingifuri ukajitenga na wino wa gazeti, na maneno yakarudi.

Kisa chenyewe hakikupinduka. Soko, bunduki, mitumbwi, mto, vyote vimo. Kilichobadilika ni sura ya watu wa Livingstone mwenyewe. Ili kuelewa inabidi turudi nyuma hadi Kabambare, ambapo yeye alipaita Bambarre. Alikwama huko tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imeoza kwa vidonda. Mwanzoni mwa Februari wakamfikia wanaume kumi aliopelekewa na balozi John Kirk kutoka Zanzibar. Hawakuwa wapagazi huru. Walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokodishwa kwa kazi hiyo. Yaani mpinga utumwa mkubwa wa karne ile alitegemea watumwa wa kukodi, nao hawakumtaka. Walidai malipo zaidi, wakamwambia wazi kwamba walitumwa kumrudisha, si kumpeleka mbele.

Katika shajara ya zingifuri, Livingstone anawashambulia watu hawa kwa hasira na maneno makali ambayo hayakufika kitabuni. Wisnicki akapendekeza kwamba huenda baadhi yao walikuwa na mkono katika yale yaliyotokea Nyangwe, na kwamba Livingstone, alipokuwa akinakili, alilainisha na kukata ili doa lisimrudie yeye. Ni dhana, haijathibitishwa, na mtu anaweza kuisoma shajara ile akaona tu bosi aliyechoshwa na wafanyakazi wake. Mimi siwezi kuwahukumu wale watumwa kwa ushahidi wa mtu aliyewachukia na ambaye hakutuachia maneno yao hata kidogo. Lakini ukiona kifungu kimepungua kati ya nakala ya kwanza na ya pili, na kilichopungua ni kile kinachomgusa mwandishi, una haki ya kusimama hapo na kuuliza. Mwamba ngoma huvutia kwake, awe padri awe mfanyabiashara.

Kwa kipimo hicho hicho, hata sehemu anayosema kwamba alitaka kuwapiga wauaji risasi kwa bastola yake, Dugumbe akamzuia asije akaingia katika kisasi cha damu, mimi naipa alama ya chini. Huenda ni kweli. Lakini ni hisia ya moyoni, haina shahidi wa pili, na inamfaa sana aliyeiandika.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wanaomkataa Livingstone kabisa hawalijibu. Alikuwa amekaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi akisubiri mtumbwi. Alilipenda soko lile. Siku moja alikaa mlangoni akahesabu zaidi ya watu 700 wakipita na mizigo yao. Aliamini Lualaba ni mto Nile, na tamaa yake yote ilikuwa kuushuka. Mwanzoni mwa Julai alimwahidi Dugumbe pauni 400 ampatie watu kumi. Kwa hiyo mtu ambaye Livingstone alikuja kumshitaki mbele ya dunia ndiye aliyekuwa tegemeo lake la mwisho. Baada ya mauaji akaacha yote. Julai 20 akaondoka, akarudi Ujiji kwa miguu, akafika Oktoba hajaupata mto wake, na hakuupata tena. Shahidi anayetoa ushahidi unaomgharimu hivyo haitoshi kumtupilia mbali kwa kusema alikuwa mzungu.

Mauaji ya Nyangwe yalitokea. Yalifanywa na watu wa msafara wa Dugumbe. Sioni namna ya kulikwepa hilo. Tarehe yenyewe lakini tuishike kwa vidole viwili: Livingstone alikuwa akihesabu siku peke yake porini, na alipokutana na Stanley Ujiji, kitabu chake kiliweka mkutano huo siku za mwisho za Oktoba huku Stanley akiuweka Novemba 10.

Upinde wa mishale ishirini

Stanley alifika Nyangwe Oktoba 1876. Huyu ni shahidi wa aina nyingine kabisa: mwandishi wa habari aliyelipwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la Uingereza, na vita vilikuwa bidhaa yake. Bahati nzuri kwetu, kwa sehemu hii ya safari tuna shahidi wa pili, tena aliyeandika kwa Kiswahili. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20.

Wote wawili wanakubali kwamba Stanley aliomba kusindikizwa kushuka mto. Stanley anasema malipo yalikuwa dola 5,000. Tippu Tip anasema 7,000. Na anasimulia kwamba Stanley alijigamba kuwa na bunduki inayotoa risasi 15 mfululizo. Tippu Tip hakuamini. Akamjibu kwamba huko mto Lomami kuna upinde unaopiga mishale 20 kwa mpigo mmoja, na kila mshale unaua mtu. Stanley akanyanyuka, akafyatua risasi moja baada ya nyingine, kisha akachukua bastola akaendelea, mpaka mwenyeji wake akasadiki. Kila ninapokutana na idadi ya maadui katika kitabu cha Stanley, naukumbuka upinde ule.

Sababu ninayo. Kitabu chake cha mwaka 1878 kinasema msafara ulianza na watu 356. Orodha zake mwenyewe na shajara ya Novemba 1874 zinaonesha 228. Huyu si mtu anayekadiria adui wa mbali. Hawa ni watu aliowaandikisha kwa majina na kuwalipa. Aliongeza ili safari ionekane kubwa, na kichekesho chake ni kwamba alijiharibia: waliosalia hadi mwisho wa safari kule Boma mwaka 1877 walikuwa kama 114, kwa hiyo hesabu ya kitabu ilimfanya aonekane amepoteza watu wengi kuliko ilivyokuwa.

Kwa mtu kama huyo, tazama vita vya Februari 1, 1877, pale mto Aruwimi unapoingia Kongo, jina la Lualaba sehemu za chini. Stanley anasema alihesabu mitumbwi 54, mmoja wao ukiwa na wapiga kasia 80, na maadui kati ya 1,500 na 2,000. Ngoma, manyoya, kelele, mashambulizi. Na risasi zikawatawanya. Miaka mingi baadaye kiongozi wa Basoko aitwaye Mojimba alimsimulia padri Joseph Fraessle habari za vita hivyo. Kwa mujibu wake, watu walisikia kwamba mtu mwenye ngozi nyeupe anashuka mto, wakadhani ni ndugu yao aliyetoka majini, wakajipamba, wakatia mitumbwi mtoni na ngoma juu, wakaenda kumlaki. Walichopokea ni risasi.

Moyo wangu unavutwa na Mojimba, na kwa sababu hiyo hiyo lazima nimpime vilevile. Maneno yake yalisubiri miaka, yakapita kwa padri, yakaingia Kijerumani, ndipo yakaenda kwenye lugha nyingine. Mnyororo una mikono mingi, na padri naye alikuwa na ya kwake ya kusema. Hata hivyo riwaya hii inatufundisha kugawa maelezo ya Stanley mafungu mawili. Mitumbwi, ngoma na manyoya ni alichokiona, na Mojimba anakubaliana naye. Nia ya wale watu hakuiona. Aliitafsiri, tena akiwa ameshapigana njia nzima na kidole kiko kwenye kifyatulio.

Mji uliogeuka nyumba moja

Miaka 22 baada ya siku ya kuku, bunduki zilirudi Nyangwe. Machi 4, 1893, jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji likiongozwa na Francis Dhanis liliuteka mji, na Aprili 22 likaingia Kasongo, likamfukuza Sefu, mwana wa Tippu Tip. Januari 1894 ikaanguka Kabambare, iliyokuwa ngome ya mfanyabiashara Rumaliza. Daktari Mwingereza, Sidney Hinde, alikuwamo katika vita hivyo, na mwaka 1897 alichapisha kitabu.

Hinde anaandika kwamba katika muda mfupi Nyangwe, mji uliojengwa vizuri wenye watu wapatao 30,000, ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma, na kambi ya askari kuizunguka. Hiyo 30,000 ichukuliwe kama ulivyochukuliwa upana wa mto. Lakini ile nyumba moja naiamini, kwa sababu ni upande wake mwenyewe uliofanya uharibifu na hakuwa na faida ya kuukuza. Anapokuja kwenye hadithi za kula maiti, ambazo anazirundika juu ya wapiganaji wa Gongo Lutete waliokuwa washirika wao, kalamu yake inakuwa nyepesi mno. Zilikuwa ndizo zilizouza vitabu Ulaya, na zilimwondolea mzungu aliyetoa amri mzigo wa waliokufa. Gongo Lutete, ambaye bila yeye Dhanis asingeivuka Lualaba, hakupata nafasi ya kujibu. Septemba 1893 maofisa wa Leopold walimpiga risasi.

Hapo ndipo wanaoshuku wanapokuwa na hoja ya maana. Maelezo ya Livingstone yalikuwa ya kweli katika kiini chake, na yalitumika vilevile kuuhalalishia ulimwengu utawala wa Leopold, uliojitangaza kuwa vita dhidi ya Waarabu wafanyao biashara ya watumwa na ukaja kuua zaidi yao. Ukweli wa ushahidi ni jambo moja, aliyeutumia na alichoutumia ni jambo jingine. Tukivichanganya tutajikuta tunamkana aliyezama mtoni ili tumkomoe Leopold.

Kutoka kwa hao waliozama, na Wagenya wa mtoni, na wanawake wa Maniema waliokuwa na soko lao kabla mgeni yeyote hajafika, hakuna karatasi. Kitu kilicho karibu zaidi na neno lao kimo ndani ya kitabu cha Livingstone mwenyewe. Agosti 8, 1871, akiwa njiani kutoka Nyangwe kurudi Kabambare, wanakijiji walimvizia msituni. Mkuki mmoja ulimpita mgongoni kwa karibu sana, wa pili ukamkosa kidogo mbele, na watu wake wakauawa. Yeye analieleza kama kosa: walimdhania kuwa mmoja wa wafanyabiashara wale. Huenda walikosea. Lakini wao walikuwa wamemwona akija nao, akikaa nao, akila nao, akiondoka kwa njia yao na akiwa na watu wenye bunduki, na kwa waliyoyaona walitoa uamuzi wao.

Picha za shajara ya zingifuri zinapatikana bure mtandaoni, kila mwenye simu anaweza kuzifungua, na Chuo Kikuu cha Kindu kiko katika jimbo lile lile la Maniema. Kinachohitajika sasa ni sauti za upande wa pili. Mwenye bibi au babu Kasongo, Kabambare, au kwenye mitaa ya Wamanyema kule Ujiji, anayekumbuka aliyosimuliwa kuhusu soko lile, amrekodi mwaka huu. Na aandike jina la aliyemsimulia mzee huyo, na la aliyemsimulia huyo mwingine, hadi mnyororo ukatike wenyewe.